Mhunzi wa Perth na bahasha yangu

Haya, nimerudi. Najua nimekuwa kimya mno, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa na jambo ambalo kila nikikaa kuliandika nalikimbia, naandika habari za foleni badala yake. Leo nalimaliza.

Wengine mnakumbuka kwamba mwaka jana nilipata nafasi ya kwenda Uskoti miezi mitatu kwa mafunzo ya uandishi. Niliwaahidi picha na visa vya baridi. Picha mlizipata. Kisa hiki sikukitoa. Jumapili moja nilipanda treni kwenda Perth, mji mdogo kando ya mto Tay, kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1396 watu 60 walipigana pale mpaka wengi wao wakafa, mfalme akiwa amekaa anatazama, ili kumaliza ugomvi wa koo mbili. Nikasema lazima nikapaone. Bahati mbaya ya kazi yetu ni kwamba hata siku ya mapumziko mtu unafuata maiti.

Mahali penyewe panaitwa North Inch. Ni uwanda mpana wa nyasi kandokando ya mto, karibu kabisa na mji. Nilikuta watu wanatembeza mbwa, mama mmoja anasukuma kigari cha mtoto, na wazee wanacheza gofu huku upepo unawapeperushia kofia. Nilisimama nikijaribu kupata picha ya watu 60 wakikatana pale, nikashindwa. Nyasi zilikuwa za kijani mno.

Sasa kisa chenyewe. Nivumilieni, kina majina magumu.

Uskoti ya wakati ule ilikuwa kama nchi mbili. Kusini na mashariki, kwenye tambarare, kulikuwa na miji, mahakama na wafanyabiashara. Kaskazini na magharibi, milimani, watu walisema Kigaeli na waliishi kwa ukoo. Ukoo wenyewe haukuwa wa damu peke yake. Mtu aliweza kuingia kwa kuoa, kwa kuomba ulinzi, au kwa kulima tu ardhi ya mkuu wa ukoo. Kulikuwa hata na muungano wa koo ulioitwa Clan Chattan, ambamo Mackintosh, Macpherson, Davidson na wengine walijihesabu kitu kimoja. Nyumba moja ikiibiwa ng'ombe, bonde zima linashika shoka.

Mfalme alikuwa Robert III, aliyetawazwa mwaka 1390. Alikuwa mlemavu wa mguu, alipigwa teke na farasi miaka miwili kabla ya kutawazwa, na kila anayemwandika anamwandika kwa huruma. Mwaka ule ule wa 1390 ndugu yake mwenyewe, Alexander Stewart, aliyepewa jina la Mbwamwitu wa Badenoch, aligombana na askofu akalichoma moto kanisa kuu la Elgin. Mwaka 1392 watoto wa huyo Mbwamwitu wakateremka na watu wa milimani mpaka Angus, wakamuua shirifu wa huko na kumjeruhi bwana mmoja mkubwa, Sir David Lindsay. Kwa hiyo watu wa tambarare walipokuwa wanalalamika kwamba wa milimani hawana sheria, kumbe baadhi ya wasio na sheria walikuwa wanakula meza moja na mfalme.

Huyo Lindsay mshikeni, anarudi. Mwaka 1390 alikwenda London akapambana na bwana wa Kiingereza juu ya daraja la London, kila mtu na mkuki wake juu ya farasi, watu wanashangilia, akashinda. Alikuwa mtu wa michezo hiyo. Miaka sita baadaye yeye na Earl wa Moray ndio walioletwa kusuluhisha ugomvi wa koo mbili za milimani uliowashinda wengine. Na suluhisho walilolipata, ukilitazama vizuri, ni mchezo ule ule anaoujua: kila ukoo ulete watu 30, wapigane mbele ya mfalme, tuone nani atabaki. Namba 30 haikuwa ngeni. Mwaka 1351 huko Bretagne, Ufaransa, watu 30 kwa 30 walipigana pambano ambalo mabwana wa Ulaya walilizungumzia miaka mingi kama sisi tunavyozungumzia fainali. Unampa mtu wa mpira akusuluhishie ugomvi wa shamba, anakwambia tupige penalti.

Mwishoni mwa Septemba 1396 uwanda ukazungushiwa uzio. Hapa ndipo nilipochekea peke yangu maktaba. Kitu chenye uhakika kuliko vyote kuhusu siku ile ni gharama ya uzio. Kwenye vitabu vya hazina ya mfalme kuna mstari unaosema zilitumika pauni 14, shilingi 2 na peni 11 kwa mbao, chuma na ufundi wa kuwajengea uzio watu 60 waliopigana. Mpaka peni. Mhasibu alifanya kazi yake. Majina ya hao 60 hakuna mhasibu aliyeyahitaji.

Wakaingia na panga, mashoka, visu na pinde, bila deraya. Mfalme akakaa. Watu wa mji wakajaa pembeni. Kisha kukatokea kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba: mmoja wa wapiganaji alitazama pale, akatafakari, akachomoka katikati ya umati, akajitupa mtoni na kuogelea akaenda zake. Walimkimbiza, hawakumpata. Mimi nampenda sana huyu mtu. Katika watu wote waliokuwa Perth siku ile, mfalme na mabwana wakiwemo, ni yeye peke yake aliyefikiri.

Sasa wamebaki 30 kwa 29. Masimulizi yanasema upande wa pili uliombwa umtoe mtu mmoja ili hesabu iwe sawa, hakuna aliyekubali kutolewa. Jambo lote likawa linaelekea kuvunjika. Hebu simameni hapo kidogo. Lilikuwa linaelekea kuvunjika! Watu 59 walikuwa wanakaribia kurudi nyumbani kwa sababu ya mtu mmoja aliyejua kuogelea.

Ndipo akajitokeza mtu wa pale mjini, fundi. Wanasema alikuwa mfupi lakini mkali. Masimulizi yanamwita Henry, mhunzi. Hakuwa wa ukoo huu wala ule, na kama alikuwa anaujua ugomvi wenyewe basi ni kama sisi tunavyoujua ugomvi wa majirani wa mtaa wa tatu. Akasema ataingia kuziba pengo kwa malipo madogo ya papo hapo, na ahadi kwamba akitoka hai atatunzwa maisha yake yote. Wakakubali. Hesabu ikawa 30 kwa 30, pambano likaanza.

Masimulizi ya baadaye yanaongeza kwamba alimuua mtu mmoja, akaenda kukaa pembeni. Mkuu wa kikosi akamuuliza mbona umekaa, akajibu kwamba kazi aliyolipwa amekwisha kuifanya. Akaambiwa asipohesabu, hata malipo yake hayatahesabiwa. Akainuka, akarudi kazini. Na alipoulizwa baadaye alikuwa anampigania nani, alijibu kwamba aliupigania mkono wake mwenyewe. Waskoti wakaifanya methali, ya mtu anayeingia vita vya wengine kwa faida yake.

Jioni ile, kwa mujibu wa Walter Bower, upande mmoja walibaki 11 na upande wa pili mmoja tu. Piga hesabu: 48 wamekufa. Masimulizi yanasema yule mmoja aliyebaki naye alijitupa Tay akaogelea. Mto ule ule.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga kitabu. Na sasa itabidi niwaambie kwa nini.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilikuwa korespondenti. Wasiojua: korespondenti halipwi mshahara, analipwa kwa stori. Stori isipotoka, hujala. Shahada ninayo kwenye fremu nyumbani kwa mama, na nauli ya daladala naazima. Siku moja akanipigia mtu, amepewa namba yangu na rafiki, akasema kuna mgogoro wa ardhi nje kidogo ya mji, kuna dhuluma, waandishi mko wapi? Akaja kunichukua na gari. Tukaenda, nikaoneshwa shamba, nikaoneshwa mipaka iliyong'olewa, nikapewa karatasi nakala, nikalishwa wali na kuku. Wakati wa kurudi nikapewa bahasha ya kaki. "Nauli yako, ndugu mwandishi." Ndani kulikuwa na shilingi 50,000. Nauli gani hiyo, na nilikuja kwa gari lao na nikarudishwa kwa gari lao?

Nikaandika. Niliandika vizuri, nisijisingizie. Upande wa pili nikauwekea ile sentensi yetu maarufu, kwamba juhudi za kuwapata hazikuzaa matunda. Juhudi zenyewe ilikuwa simu moja, kwa namba niliyopewa na hao hao wenye gari. Stori ikatoka ukurasa wa tano, na jina langu juu.

Wiki tatu baadaye nikaitwa mapokezi. Kuna mzee, amevaa kanzu iliyofuliwa vizuri, ana kipande cha gazeti amekikunja mara nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye jina hili?"

Nikasema ndiye. Akakikunjua taratibu. Akasema kwanza jina la familia yetu umelikosea, umeandika kama wale wanavyolitamka kwa kejeli. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Wewe ni wa ukoo gani kwao?"

Nikamwambia mimi si ndugu yao, mimi ni mwandishi tu. Akanitazama muda. Akasema, "Sisi na wao tumeoleana. Tunagombana na shamba hili tangu baba zetu. Lakini mpaka gazeti lile tulikuwa tunazikana." Wiki ile alikuwa amezika dada yake, na kwa mara ya kwanza upande wa pili haukuja msibani. Kipande cha gazeti, alisema, kilikuwa kimebandikwa kwenye kibanda cha kahawa.

Aliomba tuandike na upande wao. Mhariri akasema habari imeshapoa. Nami sikubishana sana. Namba yake nikaihifadhi kwenye simu, basi.

Ndiyo maana nilikwenda Perth. Sikumfuata mfalme. Nilimfuata yule mhunzi.

Turudi huko basi, kwa sababu ipo sehemu inayotuhusu sisi waandishi hasa. Watu wawili ndio walioandika pambano hili wakiwa karibu nalo kimiaka. Andrew Wyntoun, mkuu wa nyumba ya watawa kwenye kisiwa cha Loch Leven, aliandika kama miaka 25 baadaye, kwa mashairi. Bower, abate wa Inchcolm, aliandika miaka ya 1440. Wanakubaliana kuhusu mahali na namba 30 kwa 30. Wyntoun anasema waliokufa walifika 50 au zaidi. Na majina ya koo? Hapo ndipo balaa. Wote wawili walikuwa watu wa tambarare wakiandika majina ya Kigaeli kwa sikio lao, na majina wanayotoa hayalingani. Wametaja viongozi wawili, Sha na Christy, na wasomaji wamebishana yupi alikuwa wa upande upi. Wengi wanakubali kwamba upande mmoja ni Clan Chattan. Upande wa pili wapo wanaosema Cameron, wapo wanaosema Davidson, na hao Davidson ni wa humo humo ndani ya Chattan.

Yaani walikufa watu 48 kwa heshima ya jina la ukoo, na jina lenyewe likakosewa na waandishi.

Kuna nyumba Perth inaitwa Nyumba ya Msichana Mrembo wa Perth. Nilipita mbele yake. Huyo msichana ni wa kwenye riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1828, ambamo mhunzi wetu amefanywa kuwa shujaa na mpenzi wake. Hakuwahi kuishi. Ila ana nyumba, na watalii wanaipiga picha. Mimi pia niliipiga.

Je, ugomvi uliisha? Bower anasema kaskazini ikatulia muda mrefu. Labda. Lakini kama wapinzani walikuwa Cameron, basi kulikuwa na ugomvi mwingine chini yake ambao haukusikia habari za Perth. Mackintosh walikuwa na madai ya maandishi juu ya ardhi ya Glen Loy na Loch Arkaig. Cameron hawakuwa na karatasi, lakini ndio waliokuwa wanaishi pale na kuzika pale. Mmoja ana hati, mwingine ana makaburi. Niliposoma sentensi hiyo niliona shamba la yule mzee, na ile mipaka iliyong'olewa. Waliendelea kuuana kizazi kwa kizazi mpaka Septemba 1665, karibu miaka 270 baada ya Perth, majeshi ya pande mbili yaliposimama tena yakitazamana kwenye vivuko vya mto Arkaig. Akaja mtu wa ukoo wa Campbell na watu wake, akakaa katikati. Wakakubaliana Cameron wainunue ardhi kwa fedha, merk 72,500. Hakuna aliyecheza penalti. Na hakuna riwaya maarufu ninayoijua iliyotungwa juu ya siku ile, maana hakufa mtu.

Na Robert III, aliyekaa akitazama wengine wakimaliza visasi vya kifamilia? Mwaka 1402 mwanawe mkubwa, David, alikufa akiwa kifungoni mikononi mwa baba yake mdogo, Duke wa Albany, ndugu wa mfalme mwenyewe. Mwana mwingine, James, akapelekwa nje kwa meli ili asalimike, akatekwa na Waingereza mwaka 1406, na mfalme akafa mwaka huo huo. James alirudi baada ya miaka 18 akatawala, na mwaka 1437 akauawa kwa njama ambayo ndani yake alikuwemo Earl wa Atholl, baba yake mdogo. Alijaribu kutorokea kwenye mtaro wa maji chini ya sakafu, lakini alikuwa ameuziba mwenyewe siku chache kabla kwa sababu mipira yake ya tenisi ilikuwa inapotelea humo. Haya yalitokea Perth, kwenye nyumba ya watawa Wadominiko. Wanasema ni kutoka bustani ya nyumba hiyo hiyo ndipo baba yake alipokaa kutazama pambano. Sikukuta jengo, limeshaondoka zamani.

Nilikaa kwenye benchi kando ya mto mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nawaza kuhusu ahadi aliyopewa mhunzi, kwamba atatunzwa. Ipo simulizi inayosema ilitimizwa. Clan Chattan waliondoka naye wakaenda naye milimani, akaoa, akazaa, na wapo watu huko wanaojiita uzao wa mhunzi mwenye miguu iliyopinda. Gow, jina la baadhi yao, kwa Kigaeli maana yake ni mhunzi tu. Kwa hiyo yule aliyesema anaupigania mkono wake mwenyewe aliishia kuwa ndugu yao. Hakuna aliyemuuliza tena ni wa ukoo gani. Ilijulikana.

Hiyo 50,000 niliilipia kodi ya chumba, kama mnataka kujua. Ilitosha mwezi mmoja na ikabaki ya vocha.

Jumamosi hii nina mapumziko. Jana usiku nimeipiga ile namba, nikiomba moyoni isipatikane, ikaita. Akapokea kijana. Nikataja jina langu na gazeti, nikasema naomba kuongea na mzee. Akanyamaza. Halafu nikamsikia ameitoa simu sikioni, anaita kwa sauti kuelekea uani:

"Babu! Yule wa ukoo wa kule anakutaka."